Kwa nini Kagera ilitikisika, na kwa nini Pwani isijione salama

Na Mwandishi Wetu

JUMAMOSI ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Mkoa wa Kagera ilitikisika kwa muda wa sekunde chache. Mjini Bukoba, na katika vijiji vya wilaya za Bukoba na Missenyi, kuta za matofali zilimwagika, mapaa yakashuka juu ya vitanda na meza, na watu wakakimbilia nje na kile walichokuwa wamekishika mkononi. Usiku ule familia nyingi zililala uwanjani, zikiogopa kurudi chini ya dari zilizopasuka.

Serikali ilitangaza kuwa watu 17 walipoteza maisha. Mamia walijeruhiwa, na nyumba zilizoanguka au kupata nyufa zilihesabiwa kwa maelfu. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliwaongoza wananchi kuaga miili ya marehemu katika Uwanja wa Kaitaba, naye Rais John Magufuli akaahirisha safari yake ya Zambia.

Katika siku zile swali lililosikika kila mahali, kuanzia kwenye vijiwe vya kahawa hadi maofisini, lilikuwa moja: kwa nini Kagera?

Swali hilo lilikuwa na msingi. Mtanzania aliyesoma jiografia darasani anajua kuwa matetemeko ni mambo ya Bonde la Ufa. Akisikia Rukwa, Mbeya au Kigoma imetikisika, hashangai sana. Akisikia Manyara au Ngorongoro, anakumbuka volkano. Lakini Bukoba iko zaidi ya kilometa 200 kutoka tawi la magharibi la bonde hilo, na zaidi ya kilometa 400 kutoka tawi la mashariki. Kwenye ramani ya ubaoni, mji huo umekaa mahali patupu, kando ya ziwa, juu ya miamba ya kale sana.

Jibu la swali hilo linawahusu pia wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambao nao wamezoea kujihesabu kuwa wako mbali na hatari hiyo.

Ufa si mstari

Kosa la kwanza linaanzia kwenye ramani yenyewe. Bonde la Ufa huchorwa kama mistari miwili: mmoja ukishuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi maziwa ya Natron na Manyara, na mwingine ukipinda upande wa magharibi kupitia maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa, hadi Nyasa. Mwanafunzi hubaki akidhani kuwa nchi imepasuka pale tu penye wino.

Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki inaachana taratibu na sehemu nyingine ya bara. Kipande cha ganda la dunia kilichobeba pwani yetu na Somalia kinasogea kuelekea mashariki kwa milimita chache tu kila mwaka. Ili msomaji apate picha: umbali unaosogezwa na ardhi kwa mwaka mzima ni karibu sawa na urefu ambao ukucha wa mkono huongezeka kwa mwezi mmoja.

Katikati ya matawi hayo mawili kuna kipande kidogo cha pekee, ambacho wanajiolojia hukiita bamba la Victoria kwa kuwa limebeba ziwa hilo. Ni gumu, zito na la kale. Matawi mawili ya ufa yamelizunguka badala ya kulipasua, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe kubwa. Na kama jiwe lililomo mtoni, halikai kimya kabisa: vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa linajizungusha polepole, kinyume na mwendo wa mishale ya saa.

Kitu kinachosukumwa pande zote mbili hubeba mkazo hadi ndani yake. Humo ndani mna mipasuko ya kale, iliyofungwa kwa mamilioni ya miaka, ambayo haionekani juu ya ardhi na pengine imefunikwa na udongo, mashamba ya migomba au maji ya ziwa. Mkazo ukizidi nguvu ya mwamba, mpasuko mmojawapo huteleza ghafla. Chukua fito kavu, uikunje taratibu kwa mikono miwili: itapinda kwa muda mrefu bila sauti, kisha italia mara moja. Tetemeko ni ule mlio.

Ndicho kilichotokea mwaka 2016. Kitovu kilikuwa karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda, upande wa magharibi wa ziwa. Idara ya Jiolojia ya Marekani, ambayo hukusanya takwimu za matetemeko ya dunia nzima, ilikadiria ukubwa wake kuwa 5.9 na kina chake kuwa kilometa 40 hivi chini ya ardhi.

Namba mbili, si moja

Magazeti yetu yameshikilia mno namba ya kwanza, ile ya ukubwa. Bado tunaandika “kipimo cha Richter”, ingawa kipimo hicho, kilichobuniwa California mwaka 1935, kimekwisha kuachiwa nafasi na kingine kinachopima matetemeko makubwa kwa usahihi zaidi. Msomaji asijali jina. La kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ya kipimo, kwa mfano kutoka 5 hadi 6, ina maana ya mtikisiko mkubwa mara kumi unaochorwa na mashine, na nguvu iliyofunguliwa kubwa takriban mara 32.

Namba ya pili, ile ya kina, husomwa haraka na kusahaulika. Nayo ndiyo mara nyingi huamua nani ataishi.

Linganisha matetemeko matatu ya Afrika ambayo ukubwa wake unakaribiana. La kwanza ni hili la Bukoba: 5.9, kilometa 40 chini, watu 17. La pili lilitokea Jumapili ya Februari 3, 2008, katika mpaka wa Rwanda na Kongo, karibu na Bukavu na Rusizi. Ukubwa ulikuwa ule ule, 5.9, lakini kina chake kilikuwa kifupi zaidi. Watu wapatao 40 walifariki, baadhi yao wakiwa kanisani. La tatu ni la Agadir, Morocco, usiku wa Februari 29, 1960. Halikuwa kubwa kuliko la Bukoba. Lakini lilipasukia karibu chini ya mji, kwenye kina kifupi sana, katika mwezi wa Ramadhani, watu wakiwa majumbani. Kati ya watu 12,000 na 15,000 waliangamia, karibu theluthi moja ya wakazi wote, kwa mtikisiko wa sekunde zipatazo 15.

Agadir nao ulikuwa mji uliodhaniwa kuwa tulivu. Ulikuwa umewahi kubomolewa na tetemeko mwaka 1731, na kwa karne mbili na zaidi zilizofuata habari hiyo ikafifia.

Kwa hiyo kina cha kilometa 40 kiliwasaidia watu wa Kagera. Mawimbi yalitumia sehemu ya nguvu zake njiani kabla ya kufika juu. Kina hicho hicho ndicho kilichofanya tetemeko lisikike mbali, katika Mwanza, Uganda, Rwanda na magharibi ya Kenya, kwa kuwa mawimbi yanayotoka chini sana hutawanyika kwa upana.

Kumbukumbu ya miaka mia

Mtu akisema “hapa kwetu hakujawahi kutokea tetemeko”, anasema ukweli kwa kadiri ya umri wake na wa babu yake. Tatizo ni kwamba miamba haifuati hesabu hiyo.

Tufanye hesabu nyepesi. Tetemeko lenye ukubwa wa karibu 7 huhitaji pande mbili za mpasuko ziteleze kwa kiasi cha mita moja au zaidi. Ikiwa eneo husogea kwa milimita mbili kwa mwaka, na mwendo wote ukaachwa ujilimbikize kwenye mpasuko mmoja, mita moja hiyo itapatikana baada ya miaka 500. Mwendo ukigawanyika katika mipasuko kadhaa, kila mmoja utasubiri miaka elfu kadhaa. Karne moja ya ukimya, kwa mwamba wa namna hiyo, haituambii chochote.

Na kumbukumbu yetu ya maandishi ni ya karne moja na ushei. Inaanza na barua za wamisionari na ripoti za maofisa wa Kijerumani na Kiingereza, ikiungwa mkono na mashine chache zilizokuwa mbali, Ulaya na kwingineko. Hata hivyo, katika muda huo mfupi yameandikwa mambo ambayo wasomaji wengi wa leo hawajapata kuyasikia.

Desemba 13, 1910, nchi ya Rukwa, iliyokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, ilipigwa na tetemeko lililokadiriwa kufikia 7.4. Ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyorekodiwa barani Afrika katika karne ya 20, na nguvu yake ilikuwa zaidi ya mara 150 ya lile la Bukoba. Ardhi ile wakati huo ilikuwa na watu wachache waliotawanyika, wengi wao wakiishi katika nyumba za miti, udongo na nyasi. Leo katika eneo hilo hilo ipo Sumbawanga, pamoja na shule za ghorofa, hospitali na maduka ya matofali.

Januari 6, 1928, ilikuwa zamu ya Subukia, nchini Kenya, kwa tetemeko la 6.9. Lilichana ardhi kwa makumi ya kilometa kandokando ya ukuta wa Bonde la Ufa, umbali usiofika kilometa 200 kutoka Nairobi. Mei 7, 1964, siku chache tu baada ya Muungano, Mbulu ilitikiswa na tetemeko la 6.4. Machi 20, 1966, eneo la Toro, magharibi ya Uganda, lilipoteza watu zaidi ya 100. Mei 20, 1990, kusini mwa Sudan, si mbali na Juba, kulitokea la 7.2.

Wasomaji wa mijini wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea watakumbuka ya karibuni zaidi. Desemba 5, 2005, tetemeko la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika liliwatoa wafanyakazi maofisini hadi Nairobi, ingawa walioumia na kubomolewa nyumba walikuwa Kalemie, upande wa Kongo. Julai 2007 mfululizo wa mitetemo karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, uliwakosesha usingizi wakazi wa Arusha na Nairobi, na wiki chache baadaye Oldoinyo Lengai ukaanza kulipuka.

Lakini linalofaa kuzingatiwa zaidi, kwa mtu anayeishi mbali na maziwa, ni la Msumbiji. Usiku wa kuamkia Februari 23, 2006, wilaya ya Machaze ilipigwa na tetemeko la 7.0. Eneo lile halikuwa na sifa ya matetemeko makubwa. Nchi ilipasuka kwenye mashamba na vichaka, na maghorofa yalitikisika Beira, Maputo, Harare na hata Durban. Waliokufa walikuwa wachache mno kwa tetemeko la ukubwa huo, kwa sababu moja tu: Machaze ni nchi ya watu wachache.

Ufa wa tatu uko baharini

Hapa ndipo Pwani inapoingia.

Jumatano ya Agosti 12, 2020, baada kidogo ya saa 2:00 usiku, taa za darini zilianza kuning'inia huku na huko katika nyumba za Dar es Salaam. Wakazi wa maghorofa walishuka ngazi kwa haraka. Wengine walisimama barabarani wakipiga simu kwa jamaa. Mtikisiko ulisikika Zanzibar, Mombasa na Nairobi pia. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa karibu 6, na kitovu chake kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa jiji. Halikuleta madhara makubwa, na kwa sababu hiyo mjadala wake ulidumu siku mbili tatu tu.

Kwa wataalamu halikuwa jambo la ajabu. Chini ya bahari, mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji, kuna mfululizo wa mabonde na matuta yaliyoanza zamani sana, wakati kisiwa cha Madagaska kilipojitenga na bara. Baadhi ya mipasuko hiyo ya kale sasa inatumika tena, kwa sababu ardhi inavutwa kuelekea mashariki na magharibi, sawasawa na ilivyo katika Bonde la Ufa. Ni kama tawi la tatu la ufa, lisiloonekana kwa macho kwa kuwa limefunikwa na maji. Mei 1985 matetemeko mawili yenye ukubwa wa takriban 6 yalitokea siku moja huko huko baharini, upande wa kusini zaidi.

Tetemeko la 6 baharini si sawa na sunami. Mawimbi ya Desemba 26, 2004, ambayo yaliua watu wapatao kumi katika fukwe za Tanzania, yalitoka ng'ambo ya bahari, Sumatra, kwenye tetemeko lililozidi 9. Hofu inayostahili kupewa nafasi Dar es Salaam si ya maji bali ya udongo na zege.

Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga, mfinyanzi na mashapo ya mito. Mabonde kama la Msimbazi yamejaa udongo laini uliolowa maji. Udongo wa namna hiyo hukuza mtikisiko, kama uji kwenye bakuli unavyoendelea kucheza baada ya mkono kutulia. Mfano maarufu ni Mexico City. Septemba 19, 1985, tetemeko kubwa la 8 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilometa 300 kutoka mji huo. Lakini katikati ya mji kulijengwa juu ya tope la ziwa lililokauka, na tope hilo likazidisha mtikisiko hasa kwa majengo ya ghorofa za wastani. Maelfu walikufa katika mji ambao kitovu kilikuwa mbali nao.

Dar es Salaam, yenye zaidi ya watu milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, haihitaji tetemeko ili ghorofa lianguke. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la maduka lilianguka Kariakoo saa za biashara. Hakuna mtikisiko uliohusika katika siku hizo mbili. Inatosha kujiuliza yangapi mengine yanasimama kwa sababu tu hayajasukumwa kwa ubavu.

Neno hilo “ubavu” ndilo kiini cha uhandisi wa matetemeko. Jengo la kawaida hutengenezwa libebe uzito unaoshuka chini: paa, kuta, watu, samani. Tetemeko husukuma kwa upande, mbele na nyuma, mara nyingi katika nusu dakika. Nguzo nyembamba inayobeba ghorofa sita bila kulalamika inaweza kukatika kwenye kiungo chake kwa msukumo wa namna hiyo, hasa pale ghorofa ya chini ilipoachwa wazi kwa ajili ya maduka au magari.

Kilichoua Kagera

Vijijini Kagera hakukuwa na maghorofa. Waliokufa waliangukiwa na kuta.

Nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope au kwa saruji hafifu, bila nondo, na mara nyingi bila lenta inayozunguka nyumba nzima. Ukuta wa aina hiyo una nguvu unapokandamizwa, lakini hauna cha kuushikilia unapovutwa. Mtikisiko ukija, kila ukuta hucheza kivyake. Pembe hufunguka kwanza, kwa kuwa ndipo kuta mbili zinapogombana. Nyufa hukata mshazari kutoka kwenye pembe za madirisha na milango. Zile kuta za pembetatu zinazobeba ncha za paa, ambazo hazijafungwa na chochote juu wala pembeni, huanguka nje au, vibaya zaidi, ndani, juu ya kitanda.

Kuna kinaya hapa ambacho hakikwepeki. Nyumba ya msonge ya Wahaya, ile ya miti iliyokunjwa na kuezekwa nyasi hadi chini, ingeyumba na kutulia. Ni nyepesi, imefungwa kwa kamba, haina pembe. Nyumba ya matofali ndiyo iliyokuwa alama ya maendeleo, na ni sawa iwe hivyo: haivuji, haishiki moto kirahisi, haisumbuliwi na mchwa. Lakini tulichukua tofali tukaacha yale yanayolifunga.

Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wakahamishiwa shule nyingine. Tetemeko lilikuja alasiri ya Jumamosi, wakati watu wengi walikuwa macho na wengine nje ya nyumba. Lingekuja saa nane usiku, mabwenini, hesabu ya Serikali isingeishia 17.

Morocco imekumbushwa jambo hilo hilo kwa gharama kubwa. Septemba 8, 2023, tetemeko la 6.8 katika milima ya Atlas, mahali ambapo matetemeko makubwa ni nadra, liliua karibu watu 3,000. Wengi walikuwa katika nyumba za mawe na udongo vijijini. Agadir, uliojengwa upya baada ya 1960 kwa kanuni kali zaidi, uliendelea kusimama.

Ikitokea tena

Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa simu unaosema kuwa “lingine linakuja saa tano usiku” ni uongo hata kama umetiwa jina la ofisi ya Serikali. Kinachojulikana ni kwamba baada ya tetemeko kubwa hufuata mitetemo midogo kwa siku au wiki kadhaa, na ukuta uliokwisha kupasuka unaweza kumalizwa na mmoja kati ya hiyo. Kurudi ndani kuchukua godoro ni hatari kuliko inavyoonekana.

Aliye ghorofani asikimbilie ngazi wala lifti wakati jengo linacheza. Ngazi ni miongoni mwa sehemu zinazokatika mapema, na watu hukanyagana. Ajikunje chini ya meza imara, afunike kichwa na shingo, akae mbali na vioo na kabati. Aliye nje aondoke karibu na kuta, nguzo za umeme na mabango. Aliye katika nyumba ya chini ya matofali ya tope, na yuko hatua mbili kutoka mlangoni, ana haki ya kutoka mara moja, akiangalia juu.

Lakini sekunde zile ni chache, na sehemu kubwa ya matokeo yake huwa imekwisha kuamuliwa siku msingi ulipochimbwa.

Kenya ilitoa kanuni zake za ujenzi kuhusu matetemeko mwaka 1973, na Uganda ikawa na zake mwaka 2003. Kanuni hizo zinamfikia mhandisi. Fundi mwashi wa kijijini Missenyi, au wa Kibamba na Chanika, hajaziona, na mwenye nyumba anayejenga chumba kimoja kila anapopata fedha hana mhandisi wa kumuuliza. Alipozuru Kagera Januari 2017, Rais Magufuli alisema wazi kuwa Serikali itarejesha shule, zahanati na barabara, lakini haitamjengea kila mwananchi nyumba. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Nyumba za watu zilijengwa upya na wenyewe, kwa mafundi wale wale na mara nyingi kwa matofali yale yale yaliyookotwa kwenye kifusi.

Mambo ambayo mwenye nyumba wa kawaida anaweza kumdai fundi wake hayazidi manne au matano. Lenta ya zege yenye nondo izunguke nyumba nzima bila kukatika, si kukaa juu ya dirisha na mlango tu. Penye uwezo, mkanda mwingine kama huo uwekwe juu ya msingi, na wa tatu pale ukuta unapokutana na paa. Matofali ya pembeni yaingiliane kwa zamu, kozi kwa kozi, badala ya ukuta mmoja kuegemezwa kwenye mwingine uliokwisha kupanda. Madirisha yasikaribie pembe. Mbao za paa zifungwe kwenye lenta kwa nondo au waya mzito. Na zile pembetatu za juu, ambazo fundi hupenda kuzimalizia kwa matofali yaliyobaki, zinaweza kuzibwa kwa mbao au bati.